Thriller za Kisovieti: propaganda tupu au kazi ya kueleweka?

Wakuu, kuna mdau kasema thriller ya maana haikuweza kutoka Urusi ya wakati ule maana serikali ndo ilikuwa inatoa hela, inapitisha skripti na inaamua filamu ionyeshwe wapi. Goskino, kamati ya serikali ya filamu, kushika kila kitu sibishi, hilo lilikuwepo. Ila kusema hamna kitu, hapo nagoma.

Mcheki mwongozaji Govorukhin 1979, tamthilia yake ya TV ya sehemu tano, Moscow ya 1945 imejaa majambazi. Vysotsky kacheza mpelelezi Zheglov. Kuna kibaka anaitwa Kirpich, kaiba pochi kwenye tramu, kashtuka akaitupa, sasa ushahidi hamna. Zheglov anafanyaje? Anamchomekea pochi mfukoni. Kambambikia kabisa! Mwenzake Sharapov, katoka vitani juzi tu, anamwambia usoni hii siyo haki, na Zheglov anajibu mahali pa mwizi ni jela na watu hawajali kamfikishaje huko. Polisi wa serikali, kwenye TV ya serikali, anabambika, halafu watazamaji wengi wakampenda huyohuyo. Propaganda gani inakuacha unabishana na mkeo usiku kucha nani yuko sahihi?

— Mdau kajibu: Mkuu umechagua moja. Mbona Stirlitz wa ile tamthilia ya TV ya 1973 humtaji? Jasusi wa Kisovieti ndani ya SS ya Wanazi, hakosei, hachafuki, na washauri wa KGB, idara ya usalama ya Wasovieti, walikuwepo kabisa kwenye kazi ile. Tangazo la ajira lile.

Sawa tangazo, ila ni tangazo tamu, yule jamaa anakaa kimya dakika nzima na wewe huondoki kwenye kiti. Mi nadhani breki ilikuwa kwingine kabisa, yaani uovu unaruhusiwa ukae wapi. Kwa Stirlitz uko Berlin. Kwa Zheglov uko miaka zaidi ya thelathini nyuma. Ile filamu ya maharamia ya mwongozaji Durov, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 80 kwa makarate na meli iliyobeba afyuni ya dawa za hospitali, uovu uko baharini huko kwa wageni. Risasi, damu, ngumi ruksa, ili mradi usiguse mkubwa wa chama aliyeko ofisini leo.

Anayepinga aniletee moja tu ya miaka ya sabini ambapo muuaji ni kiongozi wa chama na bado yuko madarakani. Nipo.