Maneno mepesi ya Kiingereza ndiyo yanayowafelisha watoto wetu, na hakuna anayeyafundisha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimetoka kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, na nimekutana na kile kile ninachokutana nacho kila msimu wa kusahihisha: jibu mtoto analo, swali ndilo hakulielewa. Wala hakuangushwa na neno gumu. "Photosynthesis" analijua, analiandika bila kukosea herufi. Kilichomwangusha ni "state".

Swali lenyewe hili: "State the three states of matter." Maneno sita tu, na aliyelitunga aliamini anagawa alama za bure. Neno la kwanza linamwambia mtoto ataje. Neno la nne ni hilo hilo, ila sasa ni hali: yabisi, kimiminika, gesi. Na "matter" hapo ni maada, wakati yeye anaijua kwenye "it doesn't matter" anayoisikia kila siku. Wiki hiyo hiyo alikuwa kwenye kipindi cha Historia, ambako "state" ni dola, na ubao mzima umejaa "centralized states" na "stateless societies". Basi binti mmoja akaniandikia: Buganda, Bunyoro, Karagwe. Mwandiko safi, tahajia sahihi, dola tatu kama alivyofundishwa. Kwa mwongozo wa kusahihisha hiyo ni sifuri. Nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa Kiswahili maada ina hali ngapi. Akazitaja zote tatu, akanieleza na kwa nini maji ya kwenye ndoo yanapungua ukiiacha juani bila mfuniko. Sasa niambieni, ile sifuri ilipima nini? Kemia haikupimwa pale.

Neno la kitaalamu lina wa kulitetea. Kitabu kinaliandika kwa wino mzito, kinalipa fasili, mwalimu analirudia ubaoni, mtoto analikariri. Neno dogo halina mwenyewe. Mwalimu wa Fizikia anasema hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza yuko na nyakati za vitenzi, na mwandishi wa kitabu anaamini mtoto alishalijua tangu shule ya msingi. Na kweli alilijua. Alilijua kwa maana moja, na hiyo moja siyo inayoulizwa.

Chukueni Hisabati. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anafika kidato cha kwanza akiwa na vitu vyake vimepangika. Anajua kipeo na kipeuo, anajua namba shufwa na namba witiri. Kila dhana ina jina lake, na jina hilo halina kibarua kingine mtaani. Januari tu, kipeuo kimekuwa "root", ambayo kipindi kinachofuata, kwenye Biolojia, ni mzizi wa mhindi. Kipeo kimekuwa "power", ambayo kwenye Fizikia inapimwa kwa wati, kwenye Uraia ni madaraka ya Serikali, Bunge na Mahakama, na nyumbani ni umeme uliokatika jana. Shufwa imekuwa "even", neno aliloambiwa ni "hata". Wastani umekuwa "mean", na Kiingereza kile kile kinalitumia kwa kumaanisha, kwa uchoyo na kwa roho mbaya. "Solution" kwenye Hisabati ni jibu, kwenye Kemia ni maji yaliyoyeyushwa chumvi. "Base" kwenye Kemia ni besi, kwenye pembetatu ni kitako, kwenye namba ni kumi au mbili. "Volume" ni ujazo, ni sauti ya redio, ni juzuu. Yote haya ndani ya ratiba ya wiki moja, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba anapobadilisha daftari neno nalo linabadilika. Anayesoma utunzaji wa vitabu vya hesabu ndiyo kabisa: "drawings" kwake ni michoro, kumbe ni pesa alizochota mwenye biashara kwa matumizi yake.

Lakini kinachonichoma zaidi ni maneno ya maagizo ya mtihani, yale yanayomwambia mtahiniwa afanye nini. "Account for the rise of Buganda" maana yake toa sababu za kuinuka kwa Buganda. "Give an account of the rise of Buganda" maana yake simulia jinsi ilivyoinuka. Neno ni lile lile, kinachotofautisha ni kaneno ka herufi tatu, na alama zote za insha zimekaa hapo. Nimesoma insha ndefu, kurasa nne, mtoto kasimulia kabaka (mfalme wa Buganda) baada ya kabaka, kabaka huyu kapigana na nani, yule kafanya biashara na nani. Ukitaka sababu zote zimo humo ndani: ardhi yenye rutuba, migomba, ziwa, biashara, utawala imara. Ila hakuzipanga kama sababu kwa sababu hakujua ameombwa sababu. Msahihishaji anatafuta hoja sita, hazioni, anaandika 4 kati ya 20 na kugeuza karatasi. "Discuss" nayo, mtoto anajua ni kukaa kikundi na wenzake chini ya mwembe. Nani alikaa naye akamweleza kwamba kwenye mtihani inataka aandike pande zote za jambo? Hakuna. Inachukua nusu saa kufundisha, na haipo kwenye mpango wa somo wa mtu yeyote.

Na akitaka kuuliza? Kibao cha kumkataza Kiswahili kimetundikwa getini. Kuna shule mtoto akisikika anauliza "mwalimu, hii state ni ipi?" anaokota takataka uwanja mzima. Tunamnyang'anya chombo pekee cha kuulizia, kisha tunamuadhibu kwa kutojua. Halafu kwenye kikao cha wazazi tunasimama kusema watoto hawasomi.

Kundi la pili ninalotaka kulisema ni hawa wauza vijitabu na kozi za mtandaoni: jifunze maneno 500, uongee Kiingereza ndani ya mwezi. Nimevikagua. Safu ya kushoto Kiingereza, safu ya kulia Kiswahili, kila neno na mwenzake mmoja. Run, kimbia. Set, weka. Get, pata. Mzazi anatoa pesa aliyoitafuta kwa shida, analetewa uongo. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ni juzuu 20, na neno lililokula nafasi kuliko yote humo ni hilo "set" lao, kitenzi chake kikiwa na maana zinazofika 430. Wahariri wa toleo jipya walipofika kwenye "run" wakakuta kitenzi peke yake kina maana 645. Bomba linalotoa maji lina-run, pua yenye mafua ina-run, mgombea ana-run, duka lina mtu ana-run, programu kwenye kompyuta ina-run, sukari ikiisha ume-run out, na gari likimgonga mtu lime-run over. Hakuna hata mmoja hapo anayekimbia! Mwaka 1930 Mwingereza Ogden alitoa Kiingereza chake kilichopunguzwa, maneno 850 tu, vitenzi 18. Ukisikia unadhani kazi imepungua. Kumbe ukipunguza vitenzi, vile vilivyobaki vinabebeshwa mzigo wa vilivyoondoka: unabaki na put na get na take, na kila kimoja unakisukuma na up, off, out, down, mpaka "put up with" inakuwa kuvumilia na "put off" kuahirisha. Mgeni wa lugha angekuwa na unafuu akipewa "tolerate" na "postpone" akazikariri.

Najua kuna watakaoniambia Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Kinayo, nami nayapenda. Kaa ni mnyama wa pwani, kaa ni la moto, kaa ni amri ya kuketi. Paa ni wa porini na paa ni la nyumba. Lakini sikilizeni tunavyoyasema: kaa huyu, kaa hili, paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Ngeli inakushika mkono, kabla sentensi haijaisha umeshajua ni yupi. Kiingereza hakina hiyo. "The" ni hiyo hiyo kwa dola, kwa hali na kwa kila kitu. Kinachokuonyesha maana ni maneno jirani, na hayo jirani unayazoea kwa kusoma na kusikia Kiingereza kingi sana, jambo ambalo mtoto wa shule ya kata asiye na maktaba hana pa kulipatia.

Tena sehemu nyingine Kiswahili kimefanya kazi safi ambayo hatuitumii. "Cell" ilikuwa chumba kidogo. Mwaka 1665 Robert Hooke akatazama kipande cha gome kwenye hadubini, akaona vijichumba, akaviita hivyo, na Biolojia ikabaki na neno hadi leo. Mfungwa yuko kwenye cell, tochi inaingizwa cell, mwili una cell. Sisi tunasema selo, betri, seli. Matatu tofauti, hayagongani. Mwalimu angeyaandika hayo matatu ubaoni, dakika moja tu, mtoto hachanganyikiwi tena. Lakini mwalimu anaogopa mkaguzi amkute ameandika Kiswahili.

Na msidhani wenye lugha yao wao wamepona. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walitaka "ku-table" waraka mbele ya Wamarekani, yaani uwekwe mezani ujadiliwe haraka. Kwa Mmarekani neno hilo ni kuuweka kando usijadiliwe. Wakabishana kwa muda mrefu na kwa ukali mpaka walipogundua wanataka kitu kimoja. Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, kaisimulia. Wakuu wa majeshi, na lugha ni ya mama zao. Sisi tunataka mtoto wa miaka 14 aimudu peke yake ndani ya saa mbili na nusu.

Ninachotaka sasa. Waandishi wa vitabu vya kiada: kila sura iwe na kisanduku cha maneno ya kawaida yaliyobadilika maana ndani ya somo hilo, na maana iandikwe kwa Kiswahili. Vyanzo vipo. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ile ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996, yenye maana zilizopangwa kwa namba. Hamuanzi kuchimba msingi upya. Watunga mitihani: acheni kuweka neno moja kwa maana mbili kwenye sentensi moja. "Name the three states of matter" ingepima Kemia ile ile. Wakuu wa shule: ondoeni adhabu ya Kiswahili, angalau kwa mtoto anayeuliza maana ya neno. Kozi ya wiki chache ya kuwapokea kidato cha kwanza isitumike tena kukaririsha salamu na majina ya matunda, itumike kwa maneno ya maagizo na haya ya kila somo. Wizara nayo ituambie imekuwaje. Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na mpaka leo mtoto wa kidato cha kwanza anapokelewa kwa Kiingereza.

Nimeanza orodha ya Kemia na Fizikia, nitaiweka hapa chini kadiri ninavyoikamilisha. Walimu wa Jiografia, Kilimo na Uraia, wekeni ya kwenu: neno, maana mtoto anayokuja nayo, na maana ambayo somo linaitaka. Wazazi wenye watoto kidato cha pili, leo jioni muulizeni mtoto "account for" maana yake nini, mlete jibu alilowapa kama lilivyo, msilisahihishe.