Oska na jagwa: samaki hai, wa friza au peleti, kipi bora?

Baharia_Temeke
Wakuu heshima kwenu. Nina oska wawili na jagwa mmoja (samaki wa mapambo wala nyama) kwenye tanki la lita 400, mpaka sasa wanakula peleti tu, ile chakula kikavu cha punje. Sasa jamaa wa dukani kaniambia kila wiki nichukue goldfishi wadogo niwarushie wakiwa hai eti ndio watakua haraka na rangi itatoka. Mwingine kasema vifaranga vya sato vya bwawani, na kuna dogo mtaani anachota gapi, wale samaki wadogo wadogo, mtaroni ananiambia chukua bure. Waliofuga samaki wala nyama kwa muda naomba mnilinganishie, afya kwanza halafu ndio tuje kwenye gharama.

MzeeMatamvua
Mkuu goldfishi wa kulisha achana nao kabisa, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei. Mwilini wana kimeng'enya kinaitwa thiaminasi ambacho kinavunja vitamini B1, sasa samaki wako akila hao kwa miezi anaishiwa B1 taratibu huku tumbo limejaa, unamuona mnene kumbe ndani anapungukiwa, mwisho anaanza kupoteza balansi, anaogelea kwa kuzunguka, anagoma kula. Na usidhani ukiwagandisha umemaliza tatizo, barafu haiui thiaminasi, moto ndio unaiharibu. Halafu angalia hao goldfishi wanavyorundikwa kwenye tanki moja dukani, mapezi yameoza, vidoa vyeupe mwili mzima. Ukimmwaga mmoja kwako umemwaga na ugonjwa wake.

Kisumu_Tank
Niaje wasee. Huku kwetu wengi wanatumia vifaranga vya ngege (ndio hao sato wenu) kwa sababu hatchery (vituo vya kuzalisha vifaranga vya samaki) ziko karibu na ngege hana hiyo shida ya thiaminasi kama goldfishi. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza miiba ya mgongoni, ngege hata akiwa wa urefu wa kidole ameshakuwa na mwiba wa kutosha kukwama kooni, kwa hivyo chukua wadogo sana, au kama ni wa kufa kata pezi la juu lote na makasi. Pili uliza hatchery kama hao vifaranga ni wa dume tupu, maana wafugaji wengi wanawataka madume na ili wapatikane vifaranga hupewa chakula chenye homoni ya methiltestosteroni wiki tatu nne za mwanzo. Mimi siwezi kulisha oska wangu vifaranga waliotoka kwenye hiyo homoni juzi. Ama pata wa kawaida ama wacha.

Omena (dagaa) kavu pia ni poa mara moja moja ila ile ya kuanikwa chini ioshe vizuri sana, mchanga ni mwingi.

BiShamsa_Unguja
Gapi wa mtaroni hapana jamani, bure hiyo ni ghali. Ukimchukua mgeuze umtazame pale anapotolea choo, mara nyingi utakuta vijinyuzi vyekundu vimechomoza kidogo, akitulia vinatoka akishtuka vinarudi ndani. Wale ni minyoo wa kamalanasi, oska akimmeza gapi wa namna hiyo amemeza na minyoo. Kuwatoa inabidi utafute levamisole ile dawa ya minyoo ya mifugo, upime dozi kwa ujazo wa maji, urudie tena baadaye, kazi kubwa kweli.

Ila gapi mwenyewe kama samaki hana kosa. Ukitaka lazima ulishe hai basi zalisha wa kwako, tanki la pembeni, majike wengi madume wachache, jike anazaa karibu kila mwezi. Wazazi wa mwanzo wakae karantini, yaani watengwe peke yao, wiki 4 hivi, nyavu yao iwe yao peke yao. Na siku moja kabla ya kuwatoa walishe washibe, maana kilichomo tumboni kwa gapi ndicho atakachokula oska. Gapi mwenye njaa ni maji na mifupa tu.

Kyela_Nyasa
Naona wote mnapinga samaki hai, mimi natofautiana kidogo. Nafuga samaki wa Ziwa Nyasa, yule nimbokromisi livingstonii mwenye mabaka. Ziwani anajilaza mchangani kwa ubavu kama mzoga, vitoto vya samaki vikija kumdonoa anageuka ghafla ameshameza. Samaki aliyeumbwa kuwinda hivyo ukimpa peleti maisha yake yote unamnyima kitu. Gapi wa kuzalisha mwenyewe, mara chache, sioni ubaya.

BiShamsa_Unguja
Kaka Kyela nakuelewa, ila ziwani kile kitoto kina mawe ya kukimbilia, kina nafasi ya kupona. Kwenye kioo kinazungushwa kona hadi kona, na kama oska ameshiba kinabaki nusu hai na mapezi yameliwa mpaka kesho yake. Mimi hilo siliwezi. Ukilisha hai lisha anayemezwa mara moja, aliyebaki mtoe.

MzeeMatamvua
Na tukumbuke Kyela anaongelea samaki wa aina yake. Oska wa kule Amazon hali samaki tu, anakula wadudu, kamba, konokono, chochote. Sasa kwa nini tung'ang'anie samaki hai? Mpe panzi (wasitoke shamba lililopigwa dawa), nyungunyungu waliooshwa, funza wale wa nzi wanaofugwa kwa ajili ya kuku. Oska anarukia panzi juu ya maji mpaka unaruka na wewe, uwindaji si ndio huo.

Mimi msingi ni peleti nzuri ya samaki wala nyama, hiyo ina vitamini zake. Juu yake naweka kamba wadogo na vipande vya samaki wa bahari ninaonunua Feri, soko la samaki la Dar, nakata saizi ya mdomo, nagandisha kwa vifungu. Kamba mpe na ganda lake, ile rangi nyekundu unayoitafuta imo humo. Ila baadhi ya kamba nao wana thiaminasi, ndio maana nabadilisha badilisha, sikai na kitu kimoja.

Baharia_Temeke
Shukrani sana wakuu. Na moyo wa ng'ombe? Halafu jagwa ameanza kubagua, peleti anaitema.

Kisumu_Tank
Moyo kidogo sana buda, toa mafuta yote meupe. Mafuta ya ng'ombe kwa samaki ni mzigo, na maji yanachafuka haraka, amonia, ile sumu ya uchafu, inapanda. Na huyo jagwa akikua atawapiga oska wako, anza kupanga tanki la pili mapema.

MzeeMatamvua
Kutema peleti ni deko. Akiwa mkubwa na mzima mnyime siku tatu nne, hafi. Halafu chukua kipande cha kamba kilichoyeyuka barafu kishike na koleo refu la plastiki ukitingishe mbele yake kama kinakimbia, akidaka, kesho chomeka peleti moja ndani ya kamba, keshokutwa mbili, unapunguza kamba taratibu. Kama ni mtoto wa inchi mbili tatu usimnyime hivyo, huyo anahitaji kula kila siku. Mkubwa mara tatu nne kwa wiki zinatosha, wengi wetu tunawalisha kupita kiasi.

Baharia_Temeke
Umeme huku unakatika sana, vya friza vitakaa?

BiShamsa_Unguja
Gandisha vifungu vidogo vya kutosha siku mbili tatu, ununue mara kwa mara. Kikishayeyuka chote na kupata joto usikirudishe barafu, tupa, hata kama hakijaanza kunuka.

Kyela_Nyasa
Na yale maji ya kuyeyushia yamwage sinki, usiyatie kwenye tanki, ndio yanayoleta ule utelezi juu ya maji.

Baharia_Temeke
Sawa. Goldfishi nimeghairi, kesho Feri. Gapi nitaanza na majike watano, Bi Shamsa nitakuuliza ya karantini.