Darsa ya maradhi ya nafsi: kinyume kinapimwaje?

Mwanachuo_Jioni
Assalaam alaykum. Naandaa darsa nne za baada ya Alasiri kwa vijana wa miaka 16 hadi 20. Imamu Ghazali, mwanachuoni aliyeandika Ihya, anasema tabia mbaya hutibiwa kwa kinyume chake: bahili atoe, mwenye kibri anyenyekee. Sawa, lakini atoe kiasi gani? Na mwenye hasira nikimwambia anyamaze, si atanyamaza siku tatu kisha alipuke?

MezaYaVitabu
Waalaykum salaam. Umerukia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Anza na al-Razi, tabibu wa kale wa mji wa Rayy, Uajemi. Kitabu chake al-Tibb al-Ruhani (Tiba ya Kiroho) kina milango 20, na wa nne ni wa mtu kuzijua aibu zake. Utaratibu wenyewe: mtafute mwenye akili anayeshinda nawe sana, mwombe akutajie aibu zako bila kukustahi. Akitaja, usinune, mwonyeshe umefurahi. Akikusifu tu, mlaumu umwombe tena. Na urudie kila baada ya muda, maana tabia mpya huzuka.

Kwenye darsa usifanye hili hadharani, litageuka mipasho. Wawili wawili, pembeni, aibu moja tu kwa siku.

(Wapo watakaokuuliza kwa nini unamsomesha Razi, kwa kuwa ananasibishiwa kuukana utume. Waambie mlango huu ni wa tabia, na Ghazali naye anataja rafiki mkweli kuwa njia mojawapo ya kujua aibu.)

Mizani_ya_Dukani
Kuhusu kiasi, jibu limo katika Ihya ya Ghazali, sehemu ya kuilea nafsi. Tazama kipi kinakuwia chepesi na kitamu zaidi. Kama kuzuia mali kunakupendeza kuliko kuitoa panapostahiki, ubahili ndio umekutawala, basi zidisha kutoa. Ukifika mahali unaona utamu kumpa hata asiyestahiki, umevuka, umeshaingia kwenye ufujaji. Rudi nyuma. Kwa hiyo huwezi kuwatajia vijana wote shilingi ngapi. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja atawaua wengi, huo ni mfano wake mwenyewe.

Na hasira haing'olewi. Ikitoka yote, ghera (ari ya kulinda heshima na haki) nayo imetoka. Kinachotakiwa ni iitii akili.

Mwanachuo_Jioni
Na aliyeshindwa kabisa kuiacha tabia yake?

Mizani_ya_Dukani
Mhamishe kwa hatua. Ghazali anasema mtoto huvutwa chuoni kwanza kwa mpira, kisha kwa nguo nzuri, kisha kwa kupenda ukubwa, mwisho ndipo akhera. Ukimwanzishia kijana na hatua ya mwisho, wiki ya pili humwoni.

KabatiLaDawa
Hilo la kulipuka lina dawa kwa Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 934), mwanachuoni aliyeandika juu ya afya ya mwili na nafsi. Anasema fikra za kujituliza ziwekwe akiba wakati mtu ametulia, kama dawa zinavyowekwa nyumbani kabla ya ugonjwa. Wape kazi: kila mmoja aandike sentensi mbili tatu za kujiambia akichokozwa, azihifadhi. Kosa la wengi ni kuitafuta sentensi wakati damu imeshachemka. Hapo lililobaki ni la mwili: aliyesimama akae, isipotulia alale, kama ilivyo katika hadithi.

Mwanachuo_Jioni
Huzuni je? Yupo mmoja analia tu, hana sababu.

KabatiLaDawa
Huyo usimtibu kwa darsa. Al-Balkhi ameigawa huzuni mara mbili: yenye sababu inayojulikana, kama msiba au hasara, hii husaidiwa kwa maneno; na isiyojulikana sababu, ambayo aliihesabu kuwa ya mwilini, yaani ya tabibu. Zungumza na wazazi wake apelekwe hospitali. Ukimwambia imani yake ni dhaifu utamwongezea huzuni ya pili, na hiyo itakuwa na sababu.

Mwanachuo_Jioni
Nimeelewa. Darsa ya kwanza aibu, ya pili kipimo, ya tatu hasira. Ya nne nitaigawa huzuni na wasiwasi.

MezaYaVitabu
Wasiwasi mpe darsa yake. Watakuuliza kama udhu wao umetimia mpaka Magharibi iadhiniwe.