Neno "magazine": mwanangu kapigwa X, niende shule ama niache?

BintiMakadara: Assalam alaykum wenzangu, naombeni ushauri. Mwanangu yuko gredi ya 6, juzi kwa jaribio la Kiingereza wameulizwa maana ya "magazine" yeye akaandika ghala la silaha na baruti, maana babu yake alimpeleka Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, akamueleza hivyo. Kapigwa X nyekundu, pembeni mwalimu kaandika kuwa ni jarida. Sasa ile X kaifuta kwa raba mpaka karatasi imetoboka, na mtoto hataki kumsikia babu tena, asema babu alimdanganya. Roho yaniuma. Niende kwa mwalimu ama ntaonekana mkorofi?

Mwana_Kibokoni: Nenda dadangu, babu hakukosea hata chembe. Neno asili yake ni Kiarabu, makhzan, yaani pahali pa kuweka vitu, hata hazina yetu sisi yatoka mzizi huo huo. Waitaliano wakasema magazzino, Wafaransa magasin ambayo kwao leo ni duka, na Wareno wenyewe walioanza kuijenga hiyo Fort Jesus 1593 husema armazém. Waingereza walilipata karne ya 16 na lilikuwa ghala tu, hakuna cha jarida. Jarida lilikuja 1731 pale Edward Cave alipotoa The Gentleman's Magazine huko London, akaliita hivyo kwa kuwa ni kama ghala la maandishi, kila namna imo ndani.

DerevaWaTuktuk: Kwani ile ya bunduki inayokaa risasi si yaitwa magazini? Kijighala kile.

Mstaafu_Likoni: Nimesomesha miaka mingi, nikwambie. Usiende na hasira wala usimkabili mbele ya watoto. Nenda asubuhi kabla ya kengele, beba karatasi na kamusi, mwambie mwalimu naomba tuangalie pamoja. Mwalimu mzuri atasahihisha mwenyewe. Ila swali lilikuwa na sentensi? Kama lilitaja mtu anasoma basi jarida ndio jibu, na mtoto pia aelezwe hilo, neno huchaguliwa maana na wenzake waliolizunguka.

BintiMakadara: Halikuwa na sentensi mzee wangu, neno tupu. Shukran sana nyote. Nimewasomea hapa, babu kasikia makhzan akaitikia "enhe!" na mjukuu kamsogelea amuulize tena ya hazina. Jumatatu saa moja asubuhi niko shule na kamusi yangu.