Naomba ushauri: vidonge vya madini ya chuma, kila siku au kuruka siku?

Wadau, habari zenu. Kuna mtu mwenye upungufu wa damu kutokana na ukosefu wa madini ya chuma, na anameza kalsiamu pia. Nisaidieni kupanga muda.

Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Chai na kahawa hukikamata kikatoka na choo bila faida. Kalsiamu nayo hukizuia. Basi chuma asubuhi na juisi ya chungwa, kalsiamu jioni. Hapo sina shaka.

Shida ni kwamba tumbo tupu linaleta kichefuchefu, na choo kimekuwa kigumu. (Kuwa cheusi ni kawaida, ila kikinata kama lami, aonwe na daktari haraka.) Je, ameze na chakula kidogo akubali kupoteza kiasi, au aruke siku? Dozi moja hupandisha hepsidini, homoni ya ini inayobana ufyonzaji kwa takriban saa 24, ndiyo maana naegemea kuruka. Daktari ndiye atakayebadilisha dozi, ila kabla ya kumwuliza: wenye uzoefu, ipi inavumilika zaidi?