Kuondoa moshi wa sigara kwenye baa na mikahawa: tupeane uzoefu wa kazi yenyewe

Kaunta Safi (mwanzisha mada)
Wakuu, ubishi wa sigara kwenye baa haujaisha ingawa sheria zipo siku nyingi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003. Ya Kenya ni ya 2007, ikaanza kutumika Julai 2008: baa, hoteli na mikahawa ni mahali pa umma, na anayevuta humo anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Uganda wakaja na yao 2015, nayo inamsogeza mvutaji mita 50 kutoka mahali pa umma.

Ninachoomba hapa ni ufundi. Mwenye baa anayetaka kutii aanze na nini, apime nini, na wapi huwa panaharibika? Mafundi wa hewa, mameneja, watu wa afya, karibuni.

Fundi Hewa
Nianze na kosa linaloonekana kila mtaa: kufunga AC ya ukutani na kudhani moshi umeshughulikiwa. AC ile haileti hewa mpya. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha humohumo. Kichungi chake cha wavu kinakamata vumbi na nywele, lakini chembe nyingi za moshi wa sigara hazifiki hata maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), zinapita kama maji kwenye chekecheo. Vichungi vizito vya HEPA vinazikamata chembe, ila gesi kama kaboni monoksaidi inapita vilevile.

Sasa feni ya kutolea hewa. Chukua chumba cha mita 6 kwa 5, kimo mita 3: mita za ujazo 90. Ukitaka hewa ibadilike mara 10 kwa saa unahitaji feni ya kutoa mita za ujazo 900 kwa saa. Wengi wakisikia "mara 10" wanadhani kila dakika 6 chumba kinakuwa kipya. Sivyo. Hewa mpya inachanganyika na chafu wakati huohuo inapotoka, kwa hiyo badiliko moja linaacha takriban asilimia 37 ya moshi. Kubakiza asilimia 5 unahitaji mabadiliko 3, yaani dakika 18, na hapo hakuna aliyewasha nyingine. Meza ya watu wanne wakipokezana haikupi hizo dakika 18.

Kumbukeni pia kwamba sehemu kubwa ya moshi wa chumbani haitoki mdomoni mwa mtu. Inatoka kwenye ncha ya sigara iliyoshikwa au kuwekwa kwenye kisahani, inaungua yenyewe.

Meneja wa Zamu
Fundi, nakubali kuhusu AC. Lakini sheria ya Kenya inampa mwenye jengo nafasi ya kutenga eneo la wavutaji, na chumba kikijengwa sawasawa kinafanya kazi. Masharti ninayoyafahamu: kuta zifike dari ya zege, siyo dari ya bodi ambayo juu yake hewa inatembea jengo zima. Feni itoe hewa moja kwa moja nje, mbali na dirisha la jikoni. Hewa inayotolewa iwe nyingi kuliko inayoingizwa, ili mlango ukifunguliwa, upepo uvute kuelekea ndani ya chumba cha wavutaji. Na mhudumu asipeleke vinywaji humo. Mvutaji achukue kaunta mwenyewe.

Kujua kama kinavuta, washa kijiti cha udi, kishike chini ya mlango upande wa wasiovuta, mlango ukiwa na mwanya wa vidole viwili. Moshi wa udi uelekee chumbani. Ukisimama au ukikurudia usoni, chumba kimeshindwa. Rudia kipimo jikoni kukiwa na kazi, maana feni kubwa ya jikoni inaweza kuishinda ile ndogo na kuvuta moshi wa sigara hadi kwenye meza za chakula.

Fundi Hewa
Kipimo cha udi ni kizuri, nakiunga mkono. Ila kifanywe mlango ukiwa unatumika. Mlango wa bawaba kila ukifunguliwa ni pampu, na anayetoka anaburuta hewa ya ndani nyuma ya mgongo wake. Mlango wa kusukuma pembeni una nafuu. Halafu namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ni ya feni isiyo na bomba. Ifungie bomba lenye kona mbili na wavu uliojaa masizi, zile 900 hutazipata.

Chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kilishatoa msimamo kwamba njia pekee ya kuondoa hatari ya moshi ndani ya jengo ni kutovuta ndani. Hao ndio wanaoishi kwa kazi ya viyoyozi, na bado wamesema hivyo.

Bwana Hesabu
Kabla hujamwaga pesa kwenye vioo na mabomba, tazama Hispania. Sheria yao iliyoanza Januari 2006 iliziachia baa ndogo zisizofika mita za mraba 100 zichague zenyewe, na kubwa zikaruhusiwa kutenga vyumba. Wenye mikahawa wakagharamia kuta. Januari 2011 ikaja marufuku kamili na vyumba vikabaki havina kazi. Ireland ilikuwa imekataa mlango huo wa katikati tangu 29 Machi 2004: ndani hakuna kuvuta, basi. Kwangu mimi, pesa ya chumba ipelekwe uani.

Mchora Ramani
Uani napo pana hesabu yake. Kipimo cha Uingereza kinasaidia hata huku ambako hakitulazimishi: kibanda chenye paa kinahesabiwa kuwa "ndani" kama nafasi iliyo wazi haifiki nusu ya eneo la kuta zake. Mfano, kibanda cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5. Kuta zote nne zingekuwa mita za mraba 40. Acha wazi angalau 20. Madirisha na milango inayofungika haihesabiwi kuwa wazi, na turubai ni paa hata kama linakunjwa. Hapa ndipo watu wanapokosea msimu wa mvua: wanateremsha maturubai pande tatu, kibanda kinageuka chumba.

Usikiweke upande upepo unakotokea. Pwani, Kusi na Kaskazi hupokezana, kwa hiyo mahali palipokuwa sawa Julai panaweza kuleta moshi mezani Januari. Na tafadhali, wavutaji wasikae chini ya makuti makavu. Bati au zege, ndoo ya chuma yenye mchanga kimo cha kiganja, kizimamoto karibu.

Mhudumu Mkuu
Upande wa watu. Kwanza ondoa visahani vya majivu vyote ndani, hata vya mapambo, kwa sababu kisahani mezani ni ruhusa. Kibao kiwe mlangoni na chooni pia, choo husahaulika na ndiko wanakojificha.

Mtu akiwasha, mhudumu aende ndani ya dakika moja, kabla meza ya pili haijaiga. Abebe kisahani chenye maji kidogo na kusema: "Samahani kaka, humu hatuvuti, sehemu ipo uani, nikuoneshe?" Asimguse, asimnyang'anye. Akikataa, aitwe meneja. Meneja asimamishe huduma kwa meza hiyo na kuleta bili. Baunsa awe wa mwisho. Andikeni kwenye daftari saa na kilichofanyika, mkaguzi akija mna cha kuonesha.

Wasiwasi wa mteja kutoka na kukimbia bili unatibika: meza iliyo karibu na mlango ilipe kwa kila raundi, na njia ya uani ipite mbele ya kaunta.

Kaunta Safi
Ahsanteni. Na shisha?

Bi Afya
Shisha ihesabiwe ndani ya marufuku hata ikiitwa ya matunda isiyo na tumbaku. Mkaa wake unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na vyungu vitano kwenye chumba cha AC vinaweza kuwaumiza kichwa na kuwatapisha hata wahudumu wasiovuta. Uganda imeikataza kwenye sheria yake. Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, na kesi zikafuata.

Fundi Rangi
Nyongeza kwa anayebadilisha baa iliyovutiwa miaka mingi. Ukipaka rangi ya maji juu ya ukuta wa njano, madoa yatarudi juu na harufu nayo. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, anza chini kupanda juu ili michirizi isikaukie ukutani, suuza, rudia hadi maji ya ndoo yasibadilike rangi. Ukuta ukikauka kabisa piga andakoti ya mafuta, ndipo rangi yako. Mapazia yafuliwe au yatupwe. AC ifunguliwe, ioshwe koili na trei ya maji, siyo kichungi tu, la sivyo siku ya kwanza ukiiwasha itapuliza harufu ileile ya zamani.