Tairi Tano za Sadiki

*Kikundi: WA NYUMBA MOJA 🚙*

Jumatatu

Sadiki: Shikamooni wakubwa. Safari imeiva, wiki sita zimebaki. Matairi ya gari yamekaribia kipara, nataka kubadilisha yote kabla hatujaondoka. Swali: nirudishie saizi ileile au nipandishe? [picha]

Mjomba Hamisi: Marahaba. Picha imekuja na kivuli chako tu. Andika namba.

Sadiki: 265/65R17 112S

Baba Mdogo: Weka 285/70 kama zangu, mjadala umefungwa. Gari la fowili bila tairi la maana ni teksi iliyonyanyuka.

Rehema: Ba'mdogo hata dakika haijaisha 😂

Baba Mdogo: Nasema ninachokijua. Nimepita mahali wengine wanageuza.

Shangazi Zuhura: Mimi nauliza kitu kimoja tu. Nakaa mbele au nyuma? Miguu yangu mnaijua.

Mjomba Hamisi: [sauti, 3:42]

Shangazi Zuhura: Andika kaka, niko kikaoni.

Mjomba Hamisi: Haya. Sadiki, 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana. R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa, 17 ni rimu kwa inchi. 112 ni namba ya uzito, kila tairi linabeba kilo 1120. S ni mwendo, mwisho 180 kwa saa, ambao sitaki kusikia umeufikia na dada yangu yumo ndani.

Rehema: Nimepiga hesabu. Ubavu 172, mara mbili, jumlisha rimu 432. Tairi zima lina kimo cha milimita 776. La ba'mdogo 285/70R17 ni 831. Tofauti sentimita tano na nusu.

Baba Mdogo: Umeona? Sentimita tano na nusu juu ya mawe!

Rehema: Hapana ba'mdogo, nusu yake. Nusu nyingine iko juu ya ekseli. Gari linapanda milimita 27 tu.

Baba Mdogo: ...

Baba Mdogo: 27 nazo ni 27.

Mjomba Hamisi: Ni kweli, na simkatalii. Chini ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, hakuna kitu kingine kinachokuinua isipokuwa tairi. Springi ndefu zinainua bodi, ekseli inabaki palepale. Lakini kila milimita unailipia mahali pengine.

Sadiki: Mahali gani mjomba?

Mjomba Hamisi: Kwanza gia. Tairi kubwa ni kama umeongeza urefu wa gia zote. Mlimani na mzigo utajikuta kwenye gia ya pili pale ulipokuwa unapita na ya tatu. Pili breki, maana tairi lenyewe ni zito na likishazunguka halitaki kusimama. Tatu ni kugusa, ndiyo niliyoieleza kwenye sauti ambayo hamtaki kuisikiliza.

Rehema: Na spidi. Mshale wa ba'mdogo ukisema 100, gari liko 107.

Shangazi Zuhura: SUBIRI. Ndiyo maana kila tukifuatana anafika kwanza na anaapa alikuwa 100??

Sadiki: 😂😂😂

Rehema: Na ile faini

Baba Mdogo: Faini ile ilikuwa ya uonevu.

Mjomba Hamisi: Tumtendee haki kidogo. Spidomita za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi, hazitakiwi kusoma chini. Kwa hiyo sehemu ya hizo 7 ilimezwa na ule uongo wa kiwandani. Kinachobaki ndicho alichoandikiwa. Apime kwa GPS ya simu ataona.

Rehema: Lakini ipo habari njema ba'mdogo. Unalalamika gari linakunywa lita 14 kwa kilomita 100. Kama kilomita zako zinahesabiwa pungufu, hizo 100 ni kama 107. Kwa hiyo ni 13 na kidogo.

Baba Mdogo: Mwanangu wewe nakupenda. Nilijua gari langu halina tabia hiyo.

Mjomba Hamisi: Bado linakunywa kuliko zamani. Ila si kama ulivyodhani.

Jumanne

Sadiki: Nimelala na hesabu. Na 265/70R17 je? Naona wengi wanaiweka kwenye gari kama langu.

Rehema: 803. Imepanda milimita 27 kwa kimo, gari linainuka 13. Mshale ukisema 100 uko 103 na nusu hivi.

Baba Mdogo: 13! Hiyo ni kuvaa soksi nene.

Mjomba Hamisi: Baba Mdogo, chini ya gari 13 ni ndogo. Ubavuni ni jambo jingine. Ubavu unatoka 172 kwenda 185. Huo ndio mto wa gari. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta kama ubao wa kufulia, ubavu mrefu ukipunguziwa upepo kidogo unameza mtikisiko kabla haujafika kwenye shokapu. Ndiyo maana nasema mtu wa safari ndefu asikimbilie rimu za 20. Ukikuta jiwe, ubavu mfupi hauna pa kujikunja.

Mjomba Hamisi: Zamani nilikuwa na 235/85R16. Hesabu uone.

Rehema: 806. Karibu sawa na hiyo 265/70R17!

Mjomba Hamisi: Jembamba lakini refu. Kwenye matope ya juu lilikuwa linachimba mpaka linapata ardhi ngumu. Lakini Sadiki usilitamani, rimu ya 16 kwenye gari lako huenda isipite kwenye breki za mbele.

Baba Mdogo: Na kwenye mchanga jembamba linazama. Upana ndio kila kitu.

Mjomba Hamisi: Upepo ndio kila kitu. Tairi ukilishusha mpaka PSI 18, hicho ndicho kipimo cha upepo, unyayo wake hurefuka zaidi kuliko unavyopanuka. Linakuwa kama mnyororo wa katapila. Wewe na 285 zako umewahi kuvutwa mchangani kwa sababu ulikuwa na 38, nami ndiye niliyekuvuta.

Shangazi Zuhura: Nilikuwepo. Viatu vyangu havikupona.

Mjomba Hamisi: Ila ukishashusha, mwendo wa taratibu na usikate kona kwa ghafla, tairi linachomoka kwenye rimu. Ukitoka mchangani jaza tena kabla ya kukimbia. Tairi laini likikimbizwa linachemka, na linapasukia ndani ya ubavu ambako huoni.

Sadiki: Sawa. Basi naona 265/70. Lakini ba'mdogo bado ananishawishi 😅 zinapendeza kweli.

Mjomba Hamisi: Sikiliza kisa changu basi, kwa kuwa sauti imekataliwa. Mwaka niliobadilisha saizi nilifunga makubwa, nikazungusha usukani uwanjani kushoto kulia, hakuna kilichogusa. Nikashangilia. Nikapakia maji, hema la juu, mafuta ya akiba, watu wanne. Siku ya pili nikashuka kwenye korongo dogo huku nimekata kona, nikasikia *shwaaa* ya plastiki. Nikasema plastiki tu. Jioni narudi nyuma kuegesha, usukani umefika mwisho, kile chuma kinachoshika madigadi kikalikwaruza bega la tairi. Asubuhi nikaona mkato ambao kucha inaingia. Tairi lilikuwa na wiki tatu.

Mjomba Hamisi: Gari tupu uwanjani linakudanganya. Lipime limebeba.

Sadiki: Nitapimaje na matairi sijanunua?

Mjomba Hamisi: Azima. Mimi nina 265/70 mbili, Baba Mdogo ana zake, tundu za nati ni sita zilezile. Funga mbele mbili. Zungukia uwanjani kwenye udongo, si lami, wala usiende nalo mbali: gari lako linavuta magurudumu yote muda wote, matairi ya vimo tofauti yanailazimisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kufanya kazi bila kupumzika. Yapake chaki mabega.

Baba Mdogo: Kwa hiyo gari langu libaki juu ya stendi kwa ajili ya jaribio la kunithibitishia nimekosea.

Mjomba Hamisi: Ndiyo.

Baba Mdogo: Njoo Alhamisi.

Alhamisi

Sadiki: [picha] [picha] [picha]

Sadiki: Haya wakuu. Nimepakia kama siku ya safari, madumu ya maji yamejaa, Rehema na marafiki zake watatu ndani. Nikalipandisha gurudumu la mbele kushoto juu ya gogo, usukani mpaka mwisho, nikarudi nyuma taratibu. Na zile 285: plastiki ya ndani ina mstari mweupe upana wa kiganja, madigadi nyeupe yote, na kile chuma nyuma yake kina chaki. Picha ya pili.

Rehema: Tulisikia wote. Kama mtu anakuna sufuria

Sadiki: Za mjomba 265/70: chaki kidogo kwenye ncha ya madigadi, basi. Chuma safi.

Baba Mdogo: Gari langu lina springi ndefu na plastiki niliikata. Sikuwa nimelitaja hilo.

Shangazi Zuhura: Kumbe 😏

Mjomba Hamisi: Ndiyo kawaida, mtu anakusifia tairi bila kukutajia msumeno. Sogeza madigadi nyuma kidogo, yatosha. Umepita mizani kama nilivyokwambia?

Sadiki: Nimepita. Nyuma peke yake kilo 1720.

Rehema: 860 kila tairi. 112 ni 1120, kuna nafasi.

Mjomba Hamisi: Vizuri, na ekseli usiipitishe kiwango cha mtengenezaji, hata tairi liwe la chuma. Sasa hapa ndipo watu wanapotelea. Mpya usinunue zenye namba ya uzito iliyo chini ya ile ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Halafu kuna aina mbili za saizi hiyohiyo: ya kawaida, na yenye herufi LT mbele, ile ya gari la mzigo. LT utaona 121/118. 121 ni kilo 1450.

Sadiki: Basi LT ni bora mara mia?

Mjomba Hamisi: Hizo 1450 ni kwa upepo wa PSI 80! Si kwa 35. LT ina ubavu mgumu, jiwe na mwiba vinahangaika, lakini kubeba mzigo uleule inataka upepo zaidi ya tairi la kawaida. Ukiijaza kwa namba ya kibandiko unaendesha tairi lenye njaa. Mtengenezaji wa tairi ana jedwali, lifuate. Na ni nzito, na gari tupu litarukaruka.

Baba Mdogo: Hapo nakubaliana naye. Zangu ni LT. Bila mzigo kiuno kinalalamika.

Sadiki: Njia yetu robo tatu ni lami, iliyobaki changarawe na mchanga kidogo. Mawe makali siku mbili tu.

Mjomba Hamisi: Kwa siku mbili za mawe mimi bado ningechukua LT, kwa sababu siku hizo mbili ndizo uko mbali na kila mtu. Mwingine angekwambia ya kawaida, naye hajakosea. Meno yawe ya AT, yale ya kati. MT yenye meno makubwa yatawaimbia kwenye lami hiyo yote mpaka mshindwe kuzungumza.

Shangazi Zuhura: AT. Nimeamua.

Sadiki: Sawa shangazi 🙏 LT265/70R17, AT. Manne.

Mjomba Hamisi: Matano.

Sadiki: Spea ipo, haijawahi kuguswa.

Mjomba Hamisi: Ni 65. Ukipata pancha siku ya tatu utafunga tairi fupi kwa milimita 27 na difu ya katikati itasaga mpaka mfike. Matano, na la tano liingie kwenye zamu ya kuzungusha matairi, yaishe pamoja. Kabla ya kulipa chukua langu moja ulipandishe pale chini panapokaa spea. Liguse popote, uniambie.

Sadiki: [picha] Limeingia. Kidole kimoja kati yake na bampa.

Baba Mdogo: Langu linakaa mlango wa nyuma kwa sababu hiyohiyo. Nasema tu.

Jumamosi

Sadiki: Muuzaji ameyaleta 💪 [picha] [picha] [picha] [picha] [picha]

Rehema: Mazuriii

Baba Mdogo: Madogo, lakini yanapendeza.

Mjomba Hamisi: Saizi sawa. 121/118 sawa. Angalia tarehe, ile namba ya tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Sadiki: 4724. Wiki ya 47, 2024. Yako sawa mjomba, naenda kuyafunga.

Shangazi Zuhura: Mbona picha ya tano ni 0819?

Sadiki: Wapi?

Shangazi Zuhura: Ikuze. Wenzake wanne 4724, hilo 0819.

Rehema: Wiki ya 8, 2019 😳

Mjomba Hamisi: Alidhani la spea halitazamwi. Mrudishie. Usifunge hata moja mpaka akupe la tano.

Sadiki: Narudi nalo sasa hivi. Shangazi, utakaa mbele.

Shangazi Zuhura: Nilijua.